Safu mbili za nyangumi: takwimu za mkataba mmoja zilivyoghushiwa, zikafichwa na kurekebishwa

Katika robo karne iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia, Umoja wa Kisovieti uliripoti kuwa meli zake zimeua nyangumi wa nundu 2,710 katika bahari za kusini mwa dunia. Idadi halisi ilizidi 48,000. Ile ya kwanza ndiyo iliyokaa kwenye kumbukumbu za kimataifa kwa miongo kadhaa. Wanasayansi waliingiza hiyo kwenye hesabu zao, na wajumbe waliisoma hiyo mezani kabla ya kupiga kura. Ya pili nayo iliandikwa, tena kwa uangalifu mkubwa, ila ilifungiwa kabatini kwa muhuri wa siri.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama kisa cha uharibifu wa mazingira, na kinastahili kusimuliwa hivyo. Hapa nakisoma kwa jicho la mtu anayetengeneza seti za data kuhusu mikataba ya mazingira. Nadhani hakuna kisa kinachoonyesha vizuri zaidi kwamba takwimu iliyoripotiwa na serikali chini ya mkataba ni maelezo ya mwenye maslahi, na kwamba hata ikithibitika kuwa ya uongo, kuifuta ni kosa la pili.

Fomu na waliozijaza

Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Uwindaji wa Nyangumi ulitiwa saini Washington tarehe 2 Desemba 1946, na ndani yake ikaundwa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, IWC. Nchi wanachama zilitakiwa kupeleka taarifa za kila mnyama aliyeuawa: aina, jinsia, urefu, na kama ni jike mwenye mimba, kijusi chake pia. Taarifa hizo zilikusanywa Sandefjord, Norwei, kwenye ofisi ya takwimu za nyangumi iliyokuwa ikifanya kazi hiyo tangu kabla ya vita. Mtafiti wa leo angezifurahia sana data za namna hiyo, maana kila mnyama ana mstari wake, na mtindo ni uleule mwaka baada ya mwaka.

Ofisi hiyo ilikuwa na kazi nyingine ambayo watu huisahau. Kiwango cha uwindaji wa Antaktika kiliwekwa kwa kipimo cha pamoja kilichohesabu nyangumi wa buluu mmoja kuwa sawa na nyangumi wa pezi wawili, au wa nundu wawili na nusu, au sei sita. Katika miaka ya mwanzo kiwango hicho hakikugawanywa kwa nchi. Meli zote zilikimbizana, kila juma zikatuma jumla zao Sandefjord, na huko ndiko ilikokadiriwa siku ya kufunga msimu. Maana yake ni kwamba aliyeripoti pungufu alificha uvunjaji wake wa kanuni, na papo hapo akajirefushia msimu yeye na wenzake wote. Data hizo zilikuwa sehemu ya mashine yenyewe ya udhibiti.

Nani alihakikisha fomu ni za kweli? Wakaguzi waliokuwa ndani ya meli-kiwanda, yaani meli kubwa zilizochakata nyangumi hukohuko baharini, walioteuliwa na serikali ya nchi ambayo bendera yake ilipepea juu ya meli hiyo. Pendekezo la kuweka waangalizi kutoka nchi nyingine lilizungushwa mikutanoni miaka mingi, na utaratibu huo ukaanza kazi mwaka 1972. Kuanzia hapo udanganyifu mkubwa wa Wasovieti ulikoma kwa kiasi kikubwa. Mwaka huo ungestahili safu yake katika hifadhidata yoyote inayodai kupima utekelezaji wa mkataba huu.

Vitabu viwili

Kwa nini nchi iue wanyama wengi hivyo, halafu ifiche? Jibu linashangaza kidogo, kwa sababu soko la nyama ya nyangumi katika Umoja wa Kisovieti lilikuwa dogo, na mizoga mingine ilichunwa mafuta tu kisha ikatupwa baharini. Kilichosukuma uwindaji ni mpango wa uzalishaji. Kila kundi la meli lilipangiwa lengo. Waliolivuka walipata marupurupu na nishani, na lengo la msimu uliofuata likapandishwa. Uvuvi ulihesabiwa kwa wingi wa mzigo ulioletwa, na thamani yake haikuulizwa sana. Meli ya Slava, iliyopatikana kama fidia ya vita kutoka Ujerumani, ilianza peke yake. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa zimeongezwa meli-kiwanda kubwa kama Sovetskaya Ukraina, Yuri Dolgorukiy na Sovetskaya Rossiya, wakati ambapo nyangumi wenyewe walikuwa wanapungua.

Kwa hiyo kila msimu uliandikiwa mara mbili. Ripoti ya kweli ilikwenda wizarani Moscow, kwa kuwa bila hesabu sahihi mpango haukuweza kupimwa na marupurupu hayakuweza kulipwa. Ripoti ya kughushi ilikwenda Sandefjord. Mtengeneza data anapaswa kuishika nukta hii: mfumo wa uongo ulihitaji data za kweli ili ufanye kazi. Mahali popote ambapo malipo yanategemea hesabu, kuna uwezekano mkubwa hesabu sahihi imeandikwa mahali fulani, hata kama ile iliyotangazwa ni ya kubuni. Ukitafuta ukweli wa mkataba, anza na daftari la mishahara.

Katika misimu miwili tu, 1959/60 na 1960/61, meli hizo ziliua nyangumi wa nundu wapatao 25,000 kusini mwa Australia, New Zealand na visiwa vya Pasifiki. Vituo vya pwani vya Australia, kama vile Tangalooma na Byron Bay, vilifungwa mwaka 1962 kwa kukosa nyangumi. Watafiti wa Australia na New Zealand waliokuwa wakifuatilia makundi hayo waliona idadi inaporomoka kwa kasi ambayo takwimu rasmi hazikuweza kuieleza. Mwaka 1963 Tume ikapiga marufuku kuwinda nundu kusini mwa ikweta, na meli za Kisovieti zikaendelea kuwawinda.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba uongo ulikwenda pande zote mbili. Nundu na aina zilizolindwa walipunguzwa kwenye karatasi, lakini nyangumi wa pezi waliongezwa: walioripotiwa kusini ni wengi kuliko waliouawa kweli. Sababu ni rahisi. Meli-kiwanda inayorudi na shehena ya mafuta lazima ieleze yametoka wapi, na pezi alikuwa mnyama halali. Ndiyo maana marekebisho ya kuzidisha kwa namba moja, ya kusema Wasovieti waliripoti nusu basi tuzidishe kwa mbili, yangeharibu data upya. Kila aina ya nyangumi ilikuwa na uongo wake.

Data zilivyonusurika

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilidumu zaidi ya miaka arobaini. Mwezi Novemba 1993, katika mkutano wa wanasayansi wa mamalia wa baharini huko Galveston, Texas, Alexey Yablokov, aliyekuwa mshauri wa mazingira wa Rais Boris Yeltsin, alitamka hadharani kwamba takwimu za Kisovieti zilighushiwa. Mwaka uliofuata aliandika hayo katika jarida la Nature.

Tangazo peke yake halijazi jedwali. Kilichojaza jedwali ni karatasi ambazo wanabiolojia waliosafiri na meli hizo walikuwa wamezihifadhi kinyume cha matakwa ya wakubwa wao. Dmitri Tormosov aliweka fomu za maelfu kwa maelfu ya nyangumi, na kwa muda zilifichwa katika ghala lake la viazi. Yuri Mikhalev, Vyacheslav Zemsky na Alfred Berzin walikuwa na kumbukumbu zao. Mwaka 1995 wanne hao walichapisha katika ripoti za Tume mapitio ya idadi halisi ya nyangumi waliouawa Antaktika. Baadaye Yulia Ivashchenko, akishirikiana na Phillip Clapham na Robert Brownell, alipekua majalada ya Urusi na kuhoji wazee waliokuwa melini. Hesabu aliyoitoa na Clapham mwaka 2014 ni kwamba katika karne ya 20 Wasovieti waliua nyangumi wasiopungua 534,204 duniani kote, na kati yao 178,811 hawakuripotiwa kwa Tume.

Tazama usahihi wa tarakimu hizo. Zinaishia kwenye nne na moja, hazikukadiriwa kwa maelfu. Ni hesabu za karani aliyekuwa akifanya kazi yake vizuri ndani ya taasisi iliyokuwa ikidanganya.

Kuzika safu ya uongo ni kuzika historia

Sasa tufike kwenye kiini. Hifadhidata ya Tume imerekebishwa, na mtaalamu anayekadiria nundu walikuwa wangapi kabla ya uwindaji hutumia idadi za kweli. Kwa biolojia hiyo ni sawa kabisa. Nyangumi aliyekufa amekufa, na modeli ya idadi ya wanyama haijali nani alisema nini.

Kwa utafiti wa utawala wa mazingira hali ni tofauti. Chukua mtu anayetaka kujua kama Tume ilikuwa sikivu kwa ushahidi. Anapakua safu ya idadi zilizorekebishwa, anaiweka kando ya maamuzi ya kila mwaka, na anaona chombo kilichotazama nundu 25,000 wakiuawa katika misimu miwili kisha kikakaa kimya hadi 1963. Atahitimisha kuwa wajumbe walikuwa wazembe au wamenunuliwa. Huenda baadhi walikuwa hivyo, sibishi, lakini data hizo haziwezi kuthibitisha. Wajumbe hawakuwa na namba hiyo mezani. Walikuwa na namba ya Sandefjord. Aliyebadilisha safu bila kuacha ya zamani amewapa watu wa 1960 ujuzi uliopatikana 1993, halafu anawahukumu kwa kutoutumia.

Kwa hiyo mstari mmoja wa data hizi, ukijengwa vizuri, ungekuwa hivi: msimu 1959/60, bendera, Umoja wa Kisovieti, aina, nundu, idadi iliyoripotiwa, chanzo chake na tarehe ilipopokelewa Sandefjord, idadi iliyorekebishwa, chanzo chake na mwaka ilipojulikana kwa umma. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoikosa katika seti nyingi za data za fani hii. Tumezoea kuandika tukio lilitokea lini. Ni wachache wanaoandika lilijulikana lini, ingawa maamuzi ya mikataba hufuata kujulikana. Tofauti kati ya safu hizo mbili za idadi nayo ni kipimo cha kitu ambacho kila mtafiti wa utekelezaji anakitafuta: ukubwa wa udanganyifu, nchi kwa nchi na mwaka kwa mwaka. Ukifuta namba ya uongo umefuta kipimo hicho.

Nikilinganisha, sehemu nyingine za data za mikataba hazina tatizo hili kwa ukali huo. Hifadhidata ya mikataba ya mazingira iliyoanzishwa na Ronald Mitchell mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Oregon, kwa mfano, inaorodhesha maandishi ya mikataba, pamoja na tarehe za nchi kutia saini, kuridhia na mkataba kuanza kutumika kwao. Hayo ni matendo ya hadharani, yenye nyaraka zilizokabidhiwa kwa mtunzaji rasmi, na mtu yeyote anaweza kwenda kuyahakiki. Taabu huanza tunapotoka kwenye nchi ilisaini nini na kuingia kwenye nchi ilifanya nini. Hapo anayejibu mara nyingi ni nchi yenyewe.

Nyangumi wa Bahari ya Arabu

Faida ya karatasi zilizofichwa haikuishia kwenye kusahihisha jumla. Mwezi Novemba 1966, wakiwa njiani kuelekea kusini, Wasovieti waliua nundu katika Bahari ya Arabu, karibu na pwani za Omani, Pakistani na magharibi mwa India. Ukijumlisha na wachache wa miaka ya jirani, walifika 242. Haikuwa halali, na haikuripotiwa. Lakini wanabiolojia waliokuwa melini walipima kila kitu, kama walivyozoea.

Mikhalev alipochapisha vipimo hivyo mwaka 1997, vilijibu swali lililokuwa limewashinda wengi. Urefu wa vijusi ulionyesha majike hao wanafuata ratiba ya uzazi ya kaskazini mwa ikweta, hivyo hawakuwa wageni waliopanda kutoka Antaktika. Matumboni mlikuwa na dagaa na vibua, ilhali nundu kwa kawaida hula kwenye bahari za baridi na kufunga wakiwa kwenye maji ya joto. Ilikuwa jamii inayoishi hapohapo mwaka mzima, isiyohama. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2014 ulikuja kuonyesha kuwa imejitenga na nyingine kwa takriban miaka 70,000. Makadirio ya watafiti wa Omani, yaliyochapishwa 2011, yaliwapata wapatao 82. Wanyama 242 waliouawa ni karibu mara tatu ya hao.

Hakuna jumla ya mwaka ambayo ingetoa jibu hilo. Sandefjord walichapisha jumla kila mwaka, vitabu vilikuwa wazi kwa kila mtu, na uwazi huo haukufichua chochote. Jibu lilitoka kwenye mstari wa mnyama mmoja mmoja, kwenye safu ya urefu wa kijusi ambayo huenda mtu wa siasa za kimataifa angeiruka akiona haimhusu. Mtu anayeweka data zake hadharani huku amezikusanya kwa mwaka na nchi, akidhani anawarahisishia wenzake, mara nyingi amewanyima kitu pekee ambacho kingewawezesha kumkagua.

Ushahidi mwingine wa hilo ulikuja mwaka 2016. Ivashchenko na Clapham walichukua urefu wa kweli wa nyangumi wa meno wenye vichwa vya mraba na mafuta kichwani (kwa Kiingereza sperm whale) kutoka meli za Kisovieti, wakaulinganisha na urefu ulioripotiwa na meli za Kijapani katika bahari zilezile. Kanuni ilikataza kuua walio chini ya mita 11.6, na majike wa aina hiyo kwa kawaida hawafiki hapo. Data za siri za Wasovieti zilionyesha hivyo hasa: majike wengi walikuwa wafupi. Ripoti za Japani zilionyesha karibu wote wamefika au wamevuka kidogo. Data zilizotokana na udanganyifu mkubwa kuliko wote katika historia ya Tume ndizo zilizogeuka rula ya kumpimia mwingine.

Kugawana, na anayehakiki ni nani

Hifadhidata ya leo ya Tume hutunzwa na sekretarieti yake Uingereza, na mtafiti huipata kwa kuiomba. Inatolewa kwa matoleo, na watafiti makini hutaja toleo na tarehe yake katika makala zao. Kuna wanaolalamika kuwa kuomba ni kizuizi. Kwangu utaratibu wa matoleo ni muhimu kuliko mlango wenyewe. Makala iliyotumia takwimu za kabla ya 1993 inaweza kueleweka leo kwa sababu tunajua ilisoma nini. Faili inayobadilishwa kimyakimya kwenye tovuti iliyo wazi kabisa inamwacha msomaji gizani zaidi kuliko faili inayoombwa kwa barua lakini ina namba ya toleo. Bora vyote viwili, bila shaka: hazina ya kudumu, leseni inayoeleweka, na matoleo ya zamani yaliyoachwa mahali pake.

Lakini hata hifadhidata iliyopangwa vizuri namna gani haitagundua uongo kama hakuna kipimo kinachosimama nje ya ripoti. Hapa Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, inafundisha kwa upande wa pili. Uzalishaji wa CFC-11, gesi inayoharibu tabaka hilo, ulitakiwa kukoma duniani kufikia 2010, na ripoti za nchi zilionyesha hivyo. Mwaka 2018 Stephen Montzka na wenzake walionyesha kwamba gesi hiyo ilikuwa inatolewa zaidi tangu 2012, na mwaka 2019 vipimo vya vituo vya Gosan, Korea Kusini, na Hateruma, Japani, vilielekeza sehemu kubwa ya ongezeko hilo mashariki mwa China. Miaka miwili baadaye ilionekana kuwa kiwango kimeshuka tena. Udanganyifu wa nyangumi ulichukua zaidi ya miongo minne kujulikana, huu ulichukua miaka sita au saba. Hewa ilikuwa inapimwa na watu ambao hawakuhitaji fomu ya mtu yeyote. Baharini hapakuwa na kituo cha kuhesabu nundu wanaokosekana, ila vile vya pwani vilivyokuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine.

Marekebisho yenyewe hayako sawa kila mahali. Kwa bahari za kusini kuna fomu za wanyama mmoja mmoja kwa misimu mingi. Kwa Pasifiki ya Kaskazini, ambako hata jinsia ya nyangumi hao wenye vichwa vya mraba ilighushiwa na majike wakapunguzwa kwenye ripoti, wengi waliamini nyaraka za kweli zimeangamizwa, na sehemu kubwa ya kilichopatikana baadaye ni ripoti za viwandani na za kisayansi za msimu mzima. Anayepakua safu ya idadi zilizorekebishwa anachanganya aina hizo mbili bila kujua, kama hakuna msimbo wa ubora unaoonyesha mstari upi umetoka kwenye fomu ya mnyama, upi kwenye jumla ya msimu, na upi umeachwa kama ulivyoripotiwa kwa kukosa kingine. Nafasi isiyo na taarifa ibaki wazi, isijazwe sifuri. Sifuri nayo ni ripoti, na kwa nyangumi waliolindwa ndiyo iliyotumika zaidi.